Kamba ya Bi Siwatu

Bwana Makange, tajiri wa ng'ombe, alikitaka kijishamba cha Bi Siwatu, chembamba kama mkia, kilichomzibia njia ya mtoni.

"Nipishe! Nitakupa shamba kwa shamba, kamba kwa kamba, kama ada yetu."

Wakakizungushia kamba. Urefu ukijumlishwa na upana, hatua arobaini.

Siwatu akajikunyata. "Hutanipunja, Bwana?"

"Kamba ni hiihii!"

"Na vigingi nipigilie mimi?"

"Popote kondeni kwangu, mradi kamba isizidi!"

Mashahidi wakaitikia. Siwatu akapigilia vinne.

Msimu wa kupanda, Makange akaja mbio. "Kule ulikuwa na matuta mawili, hapa ishirini! Mwizi!"

"Kule thelathini na nane kwa mbili, hapa ishirini kwa ishirini. Jumlisha, ni arobaini zilezile," akasema Siwatu, jembe begani. "Wewe ulipima kingo, Bwana. Mimi nalima katikati."