Safari ya Ziwani Bila Mzigo

Kabla jua halijachomoza, Nyanjige alikuwa amekwisha kujaza upepo magurudumu yote mawili ya baiskeli yake. Usingizi ulikuwa umemkimbia tangu majogoo ya kwanza kwa furaha. Msichana huyo wa miaka ishirini na miwili aliishi mjini Bariadi kwa shangazi yake, Specioza, mwalimu wa shule ya msingi aliyependa baiskeli kuliko basi. Jumamosi hiyo walikusudia kufika Lamadi, kisha waufuate mwambao wa Ziwa Viktoria hadi Nyashimo. Ni safari ya karibu kilomita tisini, na hawakuwa na cha kuuza wala cha kununua huko.

Salu, binti wa baba yake mdogo, alitoka ndani akipiga miayo. Wasichana hawa wawili walilelewa pamoja na wote walikuwa waendeshaji hodari, ila Salu ndiye aliyekuwa na baiskeli ya mashindano, nyepesi kama unyoya. Nyanjige alikuwa amejaribu mara mbili kujiandikisha katika mashindano ya mkoa, na mara zote mbili akaambiwa kuwa asiye na klabu hapokelewi; Salu naye hakuwa na klabu.

"Mwangaluka, sengi," Salu alimwamkia shangazi yao kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mwanangu. Vaa viatu twende."

"Huko kuna mashindano?"

"Hakuna. Tunakwenda kuliona ziwa."

"Basi mimi siendi. Mtu hupanda baiskeli akiwa na gunia la pamba nyuma, au akifuata zawadi. Nyinyi mnakwenda kumsalimia nani, samaki?" Akarudi kulala.

Nyanjige alicheka tu, akakanyaga pedali. Barabara ya lami ilikuwa tupu na baridi ya asubuhi ilimpiga usoni. Walipita Dutwa jua likichungulia juu ya mashamba ya pamba iliyopasuka, nyeupe pepepe. Mama mmoja aliyekuwa akichuma alisimama akawauliza wamebeba nini. "Tumebeba macho, tunayapeleka ziwani," Specioza akamjibu, na wote watatu wakacheka.

Walipofika Lamadi walipinda kushoto. Kitambo kidogo baadaye ziwa likajifunua upande wa kulia, pana, likimetameta kama bati jipya, huku mawe makubwa yakiwa yamejiinamia majini kama ng'ombe wanaokunywa. Nyanjige alihisi miguu yake imekuwa mipya.

Hapo ndipo waliposikia mvumo nyuma yao. Wasichana watano waliovaa sare za kijani, juu ya baiskeli za mashindano, waliwapita kama mshale, na gari dogo likiwafuata taratibu.

Nyanjige alimtazama shangazi yake.

"Unangoja nini?" Specioza akamwambia. "Wafuate. Mimi utanikuta Nyashimo."

Nyanjige akainama juu ya usukani. Baiskeli yake ilikuwa ya chuma kizito, haina gia, na kwenye keria kulikuwa na dumu la maji na pampu. Hata hivyo aliwafikia, akajibanza nyuma yao ili wamkinge upepo wa ziwa. Kwenye mlima wa kwanza wakamwacha. Mapaja yaliwaka moto na koo likamkauka, lakini alijikaza kisabuni wala hakushuka. Alipofika kileleni, uzito uliomtesa ukageuka msaada: baiskeli iliteremka kwa kasi ya ajabu, dumu likigonga keria, upepo ukimtoa machozi. Mteremko ulipoisha, alikuwa sambamba na msichana wa mwisho. Msichana huyo aligeuka, akaiona keria, akadhani macho yanamdanganya.

Waliingia Nyashimo wakiwa sita.

Mwanamke mrefu alishuka garini. Alikuwa Jenifer, kocha wa klabu hiyo. Aliinyanyua baiskeli ya Nyanjige kwa mikono miwili, akaupima uzito wake, akaiweka chini.

"Umetokea wapi na hii?"

"Bariadi."

"Lini?"

"Leo alfajiri."

"Nani anakufundisha?"

"Hakuna. Ninatembea tu na shangazi yangu."

"Mmoja wetu ameolewa, amehamia Dodoma. Mashindano ya mkoa ni wiki sita zijazo, na baiskeli yake ipo haina mtu. Unaweza kuja mazoezini kila Jumamosi?"

Nyanjige aliitikia kwa kichwa, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Specioza alipowasili, jasho tupu, alimkuta bado anaitikia.

"Kocha, usimuulize tena," alisema baada ya kuelezwa. "Atalia."

Mchana walikula sato wa kukaanga, wakatumbukiza miguu ziwani mpaka vidole vikakunjamana. Waliporudi Bariadi jioni wakiwa ndani ya gari la klabu, baiskeli zao zimefungwa juu, Salu aliisikiliza habari yote akiwa amesimama mlangoni.

"Na mimi wanaweza kunichukua?" aliuliza taratibu.

"Nafasi ilikuwa moja, ndugu yangu," Nyanjige alimjibu kwa upole.

Wiki sita baadaye, Nyanjige alisimama kwenye mstari wa kuanzia akiwa na namba mgongoni, huku Salu akiwa miongoni mwa watazamaji. Hakuna aliyemsimanga kwa kurudi kulala, kwa kuwa mwenyewe aliyajua ya Jumamosi ile. Ama kweli, mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota.