Bustani Isiyo na Sale

Mvua za masika zimeshuka, ndugu zangu, na njiani kuja kanisani hapa nimeona kila nyumba inajipamba. Matairi yamepakwa rangi, mawe yamepigwa chokaa, maua mpaka mlangoni pa choo. Msidhani nawasema kwa wivu. Kwa maua mimi hamnishindi. Mwaka jana nyuki walitoka vijiji vya jirani wakapanga foleni kwangu. Mke wangu anatikisa kichwa pale, lakini yeye siku hiyo alikuwa sokoni.

Basi sikilizeni habari ya baba mmoja wa huku huku mlimani. Alikuwa na binti wa kuolewa, na sherehe ya kumuaga ifanyike nyumbani. Akasema, wakwe wasije wakakuta ushamba. Kihamba chake, yaani shamba la nyumbani, kilizungukwa na masale, ile mimea ya mpakani yenye majani marefu, aliyoyapanda babu yake. Akayang'oa yote, akapanda mawaridi, na ukoka laini kama zulia.

Kaka yake mkubwa, waliyepakana naye, akaja akasimama.

"Mdogo wangu, masale ya babu yamekukosea nini?"

"Kaka, hayo ni mambo ya kizamani. Wewe baki na ushamba wako. Na siku ya sherehe usije ukaniaibisha na mabuti yako ya zizini."

Kaka akageuka, akaenda zake.

Bustani ikapendeza jamani! Wapita njia wakawa wanasimama kupiga picha. Lakini asubuhi ya sherehe binti akakaa chumbani, akagoma kuvaa.

"Baba, sitoki nyumba hii bila baraka ya baba mkubwa. Wakwe wakifika, waambie hivyo."

Sasa vijana, na ninyi mlioolewa huku, nawakumbusha: kwetu ukimkosea mtu, unamwendea umeshika jani la sale. Ukimshikia hilo, anakusamehe, hata kama moyo wake unawaka. Yule baba akazunguka bustani yake nzima. Ua jekundu lipo. La njano lipo. La zambarau lipo. Jani la sale, hata moja! Kuomba kwa majirani akaona haya. Wangeuliza la nini. Je, mapambo yote yale yalimfaa nini?

Akakata mawaridi, fungu zima, akaenda nayo. Akamkuta kaka yake anakatia ng'ombe majani.

"Nimekuletea maua, kaka."

"Nayaona. Mazuri. Yanasema nini?"

Akayaweka mawaridi chini. Mwisho akasema, "Nilikutukana, kaka. Na sale sina. Niliyang'oa yote. Nimekuja hivi hivi."

Kaka akainua panga. Mdogo mtu akarudi nyuma. Kaka akampita, akaenda mpaka kwenye masale yake mwenyewe, akakata jani moja bichi, akalifunga fundo, akamtia mdogo wake mkononi.

"Haya," akasema. "Sasa niombe."

Mmewahi kuona kesi ya namna hiyo? Aliyekosewa ndiye anayemkatia mkosaji jani la kumwombea msamaha!

Ndugu zangu, ndivyo Mungu alivyotufanyia sisi. Tulimwendea na mapambo yetu: sare za kwaya, ndizi kubwa za mavuno, viti vya mbele. Akatuuliza, yanasema nini? Na sale hatukuwa nalo. Ndipo yeye mwenyewe akatupatia, kutoka kwake, kile tulichopaswa kumpelekea.

Tumepewa, halafu sisi tunabana. Najua wapo hapa leo waliokaa benchi hili kwa sababu ndugu yao amekaa lile. Mwaka unaisha, unaingia mwingine, na wewe unasema, "Aje yeye na sale lake."

Hana. Aliling'oa zamani, na aibu imemfunga miguu. Sale liko kwako. Ukitoka hapa usingoje hata chai. Kata, umpelekee.