Hewa ya Kuonyesha Wageni

Buyu la asali halimalizwi na mlafi anayelikumbatia mbele za watu. Huyo atakemewa mapema. Humalizwa na vidole. Huyu akipita anachovya, yule akipita anachovya, kila mmoja anaapa kuwa alionja tu, na siku asali inapotakiwa kwa dawa, buyu ni tupu. Laiti watu wa hospitali moja ya mji wa Butembo wangaliyakumbuka hayo kabla ya kumzika Débora!

Muuguzi mkuu wa chumba cha wagonjwa mahututi alikuwa Emérence, mwanamke wa makamo, mwepesi wa kazi na mzito wa kucheka. Alikuwa amerudi kutoka mafunzoni Beni na jambo moja lililomkaa kooni kama mwiba wa samaki. Huko, katika mtaa wa Bungulu, alionyeshwa mahali inapojazwa mitungi ya oksijeni wanayoitumia hospitalini kwao. Jenereta ilinguruma mchana kutwa, ikinywa mafuta na kutema moshi mweusi juu ya mapaa ya watu. Kisha lori likaipandisha mitungi hiyo milimani, nalo likitema moshi wake. Na hapo Butembo, alikumbuka kwa aibu, hewa iliyopatikana kwa gharama hiyo yote iliachwa ivume ovyo juu ya mashuka.

“Batu ba Beni banakohoa moshi juu ya kutujazia hewa,” aliwaambia wenzake, “na shiye tunamwanga ile hewa bure!”

Basi akaweka utaratibu. Kila mgonjwa apimwe kidoleni kwa kifaa kidogo cha kupimia oksijeni ya damu. Akionekana ana hewa ya kutosha mwilini, bomba lake lipunguzwe, hatimaye lifungwe. Vifaa vinavyoweza kuchemshwa vichemshwe, visitupwe tena shimoni kuchomwa. Wenzake waliguna, lakini walitii, na haukupita muda akina mama wanaowapikia wagonjwa uani wakaanza kusema kuwa siku hizi moshi wa shimoni hauwachomi macho.

Wageni ndio waliokuja kuuvuruga utaratibu huo. Butembo mgonjwa hatembelewi na mtu mmoja. Huja ukoo, huja jumuiya ya kanisa, huja majirani wa sokoni, na kabla ya salamu kila mmoja hutazama pua ya mgonjwa. Akiiona barakoa ya hewa, humshukuru Mungu. Asipoiona, huangua kilio. Tangu ile miaka ya Ebola, watu walipowaona ndugu zao wakiingia hospitalini kwa miguu yao na kutoka ndani ya majeneza, kuondolewa hewa kulionekana kuwa ni kuhukumiwa kufa. Hofu hiyo Emérence aliielewa, maana yeye pia alizika. Lakini kiburi kilichojificha nyuma ya hofu hiyo kilimchemsha damu.

Kiburi chenyewe kilikuja kimevaa koti. Kiliitwa Muyisa, muuza mabati mashuhuri, mwana wa Mzee Maliro aliyelazwa kwa homa ya mapafu. Mzee alikuwa amekwisha kupata nafuu. Kipimo kilisema hivyo, na kichwa cha samaki alichokuwa akikifyonza kwa bidii kilisema vivyo hivyo. Emérence alikuwa amelifunga bomba lake.

“Mumetosha baba hewa?” Muyisa alifoka mbele ya kundi la wageni, alipoona barakoa imeondolewa. “Kumbe munataka afe?”

“Papa Muyisa, angalia, muzee anapumua muzuri. Haiko lazima tena.”

“Na hawa batu batasema nini? Kama minaacha baba yangu sawa na mutu mwenye hana mutoto?”

“Muyisa, acha,” mzee alinong’ona. “Ile kitu inanikausha mapua.”

Nani angemsikiliza? Alipohitaji msaada alikuwa mgonjwa. Sasa amekuwa pambo la mwanawe. Basi akaitwa mkurugenzi wa hospitali, Bwana Bertrand, mtumishi wa serikali aliyehamishwa kutoka mkoa mwingine, mtu aliyeogopa kelele kuliko dhambi. Hakukitazama kipimo wala kumuuliza mgonjwa.

“Madame Emérence, fungula tu kidogo,” alisema. “Hapana kukasirisha batu bakubwa.”

Bomba likafunguliwa. Wa kitanda cha pili alipoona, naye akadai lake. Wa tatu akasema yeye si mtoto wa kambo. Siku chache baadaye mabomba yote yalikuwa wazi, barakoa zimetundikwa kwenye nguzo za vitanda zikipuliza ukuta, na wenyewe wameketi wakisimuliana habari za mashamba. Emérence alizunguka akifunga. Huku nyuma ndugu wa wagonjwa wakafungua, na wauguzi wenzake, kwa kuchoka kutukanwa, wakajifanya hawaoni. Mwisho naye alichoka. Akaacha.

Ndipo risasi zikalia kwenye barabara ya Beni na malori yakasimama. Emérence alimkimbilia mkurugenzi.

“Chef, bombone za hewa zenye zimebakia ni kidogo sana. Tufunge zile za benye bamepona.”

“Njia itafunguka tu. Basi, tuvumiliye,” akajibu Bertrand, akashika njia kwenda mkutanoni.

Uvumilivu gani huo, wa kuvumilia kwa pumzi za wengine?

Asubuhi iliyofuata pikipiki iliingia uani ikiwa imetapakaa tope. Nzanzu, mkulima wa Kasugho, alimshusha mkewe Débora, mzazi aliyejifungua majuzi tu, pamoja na kitoto chao. Kifua chake kilikuwa kimejaa, midomo imekuwa rangi ya majivu, na kila pumzi aliivuta kama mtu anayepandisha mzigo mlimani. Emérence alikimbia kwenye kitanda cha Mzee Maliro. Mzee alikuwa amekwisha kuichukua barakoa mwenyewe, akamnyooshea.

“Mupatiye ule mama. Miye sina nayo kazi.”

Walimwunganisha Débora. Mtungi ulilia kidogo, ukanyamaza. Mshale wake ukalala kwenye sifuri. Wakavuta wa pili, tupu. Wa tatu, tupu. Mashine ndogo ya umeme ya kutengeneza hewa ilikuwapo, lakini haikufua dafu kwa mapafu kama yale. Walishika mpira wa kupulizia hewa mapafuni, wakaubinya kwa zamu mpaka vidole vikafa ganzi. Kabla ya adhuhuri Débora alikata roho, mtoto wake akiwa mikononi mwa mama mmoja asiyemjua, huko uani.

Mkurugenzi alifika mbio. “Umuambiye bwana yake: ni njia tu,” alimnong’oneza Emérence mlangoni. “Balifunga njia, ni vile.”

Ungekuwa uongo mwepesi, na nusu yake ilikuwa kweli. Emérence alimtazama mtu yule, akasikia hasira ikimpanda mpaka macho yakamwuma. Akampita. Nzanzu alikuwa amesimama katikati ya chumba, kofia mkononi, na Muyisa na wageni wake walikuwapo pia.

“Papa Nzanzu, bibi yako amekufa juu ya kukosa hewa,” alisema kwa sauti ya kusikika na wote. “Batakuambia ni njia. Njia ilifungwa, ndiyo. Lakini hewa ilikuwa humu ndani, na shiye tuliimwanga. Tuliachia batu benye balikuwa bamepona, juu ya haya ya wageni. Na miye nilijua, nikaachilia.”

“Madame, utapoteza kazi!” Bertrand alimaka.

“Basi nipoteze. Huyu amepoteza bibi.”

Nzanzu alivitazama vitanda vyote, kimoja baada ya kingine, na barakoa zilizoning’inia.

“Ni nani mwenye aliimaliza?” aliuliza.

Muyisa alikodolea macho dirisha, mkurugenzi viatu vyake, wauguzi sakafu. Moyoni kila mmoja alijitetea kuwa hewa yake yeye ilikuwa kidogo tu. Na ni kweli, ya kila mmoja ilikuwa kidogo tu! Débora peke yake ndiye ambaye hakupata kuonja, na ndiye aliyezikwa. Chovya chovya humaliza buyu la asali.