Ng'ombe Asiyekunywa Maji ya Senzota

Nyumba haisifiwi kiangazi. Methali hii ilianza hivi, na ninyi mliocheka jana nilipomwambia Navoneiwa asimsifu mchumba wake mapema, kaeni mkao wa kusikia.

Zamani huku kwetu Upare palikuwa na mume na mke, Mbonea na Nakundwa. Walikaa kwa watu, katika chumba kilichovuja, na mtoto wao wa kwanza alikufa humo kwa kichomi. Sasa Nakundwa alikuwa mjamzito tena. Walikuwa na ng'ombe mmoja tu wa kununulia nyumba, na wakikosea hawana mwingine.

Kijijini zilikuwa zikiuzwa nyumba mbili. Moja ilikuwa ya Bi Nakiete, mjane aliyetaka kuhamia kwa binti yake. Ilikuwa kuukuu, kuta nyeusi kwa moshi, mlango umepinda, ndani inanuka majivu. Ya pili ilikuwa haijakaliwa na mtu. Aliijenga Senzota, fundi aliyehamia kutoka tambarare, kule bondeni penye nyasi laini. Aliipaka chokaa nyeupe, na asubuhi ukungu ulipopita hukujua unaishia wapi na ukuta unaanzia wapi. Mbonea aliipenda papo hapo. Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Alisema amechoka kurithi moshi wa watu wengine. Simlaumu, hata mimi ningeipenda.

Siku moja ya jua kali walikwenda kuitazama. Wanaume walizunguka nje wakigonga nguzo. Nakundwa, mimba imemlemea, alijilaza kidogo sakafuni, kwenye udongo wenye ubaridi mtamu, na usingizi ukamchukua. Akaota wanawake wanapita chumbani mmoja baada ya mwingine, vibuyu kichwani. Waliingia kwa mlango wa mbele na kutokea wa nyuma, wala hawakusema neno. Baadhi yao aliwajua, walikuwa wamekwisha kufa. Wa mwisho alibeba mtoto mgongoni, na nyayo zake ziliacha maji sakafuni. Nakundwa alipoamka alipapasa udongo. Ulikuwa mkavu kabisa.

Ndoto ile hakumwambia mtu, lakini alitembea nayo siku zote zilizofuata.

Desturi ya wakati ule ilikuwa hivi: mnunuzi alipeleka ng'ombe wake kwa mwenye nyumba, na ng'ombe akishakunywa maji ya pale, biashara imefungwa, hata wazee hawawezi kuifungua. Siku ilipofika, Senzota alikuwa ameshatenga maji. Ng'ombe alikuwa na kiu, akanyoosha shingo. Nakundwa akaishika kamba.

"Hatakunywa leo," alisema.

"Mke wangu, watu wanatutazama," Mbonea alimwambia kwa sauti ya chini.

"Waache watazame. Nyumba hii tumeiona kwenye jua tu. Yule mtoto hakuuawa na jua."

Tangu maziko, hakuna kati yao aliyewahi kumtaja mtoto yule.

"Nami nilimzika," Mbonea alisema. "Unadhani nimesahau?"

"Sidhani. Ndiyo maana nakuomba tungoje mvua."

Senzota alikasirika, akasema kuna mtu wa ng'ambo ya mlima anaitaka nyumba hiyo hiyo. Mbonea aliutazama ukuta mweupe kwa muda mrefu, kisha akamgeuza ng'ombe mwenyewe. Majirani waliwacheka kiangazi chote. Walisema Nakundwa ananunua nyumba kama anayenunua mwavuli.

Vuli ikaja. Mvua ya kwanza ilipopungua kidogo, mume na mke walijifunika majani ya mgomba wakashuka bondeni. Nyumba ilikuwa nzuri vilevile, imesimama ndani ya ukungu, na maji yalikuwa yakiingia kwa mlango wa mbele na kutokea wa nyuma, taratibu, bila kelele, kama wenyeji wanaorudi kwao. Kumbe pale ndipo ulipopita mfereji wa zamani, ambako bibi zetu walichota maji hadi ulipofukiwa na kusahauliwa. Senzota alikuwa mgeni, hakujua. Walimkuta katikati ya chumba, maji yamefika vifundoni, analia. Mbonea akamsaidia kutoa vyombo vyake.

Kisha wakapanda kwa Bi Nakiete. Mjane alikuwa ameketi anaota moto, na pembeni palikuwa na chungu kinachopokea matone kutoka darini.

"Inavuja," Mbonea alisema.

"Inavuja hapo tu," mjane alijibu. "Miaka yote ni hapo tu. Wekeni chungu hapo, mtoto mlazeni kule."

Ng'ombe alikunywa maji jioni ile ile.

Mtoto alizaliwa mvua ingali inanyesha, akalazwa kule alikoonyesha mjane, mkavu, tone likimwimbia chunguni. Aliishi. Alikua, akaoa, akazeeka, na ndiye babu aliyenilea mimi. Na Mbonea, kila aliposikia mtu anasifia jirani mpya au mkwe mpya, alicheka na kumwambia maneno yale mliyoyacheka ninyi.

Kwa hiyo, Navoneiwa, sisemi kijana wako ni mbaya. Ana adabu, na meno yake mazuri nimeyaona. Lakini hujamwona akinyeshewa hata siku moja, wala hujui anavuja wapi. Ngoja kidogo, mjukuu wangu. Nyumba haisifiwi kiangazi.