Aliyejua Nani Ataanguka

Ndugu zangu, leo nitawasimulia habari ya kamari. Naona vijana wa safu ya nyuma wameinua vichwa. Tulieni. Kamari ilikuwa haramu jana, ni haramu leo, na kesho pia, wala sikuja hapa kuwatajia farasi wa kuchezea. Lakini mfano huokotwa popote ulipoanguka, na huu mimi nimeuokota kwenye kamari.

Kulikuwa na mji mmoja wa bara, mji wa milimani wenye baridi ya kutafuna mifupa. Watu wake walipenda mbio za farasi kuliko nyinyi mnavyopenda mpira, na mpira mnaupenda, maana usiku wa fainali mimi huswali na nguzo. Tena hazikuwa mbio za uwanja mtupu. Zilikuwa mbio za kuruka viunzi. Farasi anakwenda shoti, mbele yake kuna ua wa matawi, anaruka. Mbele tena kuna gogo, anaruka. Halafu kuna handaki la maji, pana, nalo sharti aliruke. Wengi walianza na wachache walifika. Kila mwaka, masika yakielekea mwisho, ilikuwepo siku ya mbio kubwa, na siku hiyo mji mzima ulifunga maduka.

Basi katika mji ule kulikuwa na mtabiri. Si mganga, hakuwa na tunguri wala pembe. Alikuwa na macho tu. Kila asubuhi alikwenda kuegemea uzio wa uwanja wa mazoezi, kajifunika koti lake zito, akawatazama farasi wakipita mmoja mmoja. Mbio kubwa zikikaribia, watu walijaa kwenye mkahawa anakonywea chai ili wasikie waweke dau kwa nani. Na maneno alikuwa nayo, yule bwana!

“Radi mbio anazo, moyo hana,” angewaambia. “Akipitwa mara moja tu, anasusa. Malkia ni wa ardhi kavu, mvua ikimkuta mumsamehe. Bwana Harusi ana madaha. Anaruka juu mno. Wenzake wameshatua wanakwenda, yeye bado yuko hewani anajipendeza.”

Watu wanacheka, wanaagiza chai nyingine, na mwenye mkahawa anamwombea maisha marefu.

Lakini jina lake halikukua kwa kutaja washindi. Washindi hata kinyozi alitaja. Wenye vibanda vya kamari walikuwa wameleta mchezo mwingine: mtu aliweza kuweka dau kwa farasi atakayeanguka. Hapo ndipo mtabiri hakuwa na mpinzani. Akisema huyu hafiki, hafiki. Mwaka baada ya mwaka watu wakaacha kumwuliza habari za mshindi. Mtu anaingia mkahawani, salamu hata haijafika mwisho, anauliza, “Mzee, washindi tuachie wenyewe. Nani ataanguka?”

Nanyi mnashangaa? Mimi sishangai hata kidogo. Habari ya mtu aliyefika salama tunaisikia, tunasema alhamdulillahi, imekwisha. Habari ya anayekwenda kuanguka tunavuta mkeka tukae.

Mwaka mmoja masika yalikawia kuisha. Wiki yenyewe ya mbio kubwa ikanyesha mvua ya kutwa, na kulipokucha mtabiri alikuwa pale pale uzioni, viatu vimejaa matope. Akapita farasi mmoja mwekundu, jina lake Shaba. Mtabiri alimjua vizuri, na kijana aliyempanda alimjua zaidi, kwa sababu alikuwa jirani yake, ukuta kwa ukuta. Wake zao waliazimana chumvi. Kijana yule alipotaka kuoa, na baba yake alikwisha kufariki, ni mtabiri huyu aliyevaa kanzu akaenda kumposea.

Shaba akaruka ua wa matawi, vizuri. Akaruka gogo, vizuri. Akafika kwenye handaki la maji, na mtabiri akashika uzio kwa mikono miwili. Farasi aliruka mapema. Hatua moja tu mapema, lakini mguu wake wa nyuma ulipiga ukingo wa pili kabla ya kutua. Aliposhuka akajikaza, akaendelea. Mtabiri akangoja azunguke tena. Mara ya pili ikawa vile vile. Akayatazama yale matope na kusema moyoni mwake, mazoezini anakwenda polepole, ndiyo maana ukingo unamwachia. Siku ya mbio, kwa shoti ile, hautamwachia.

Na dawa yake aliijua. Mpandaji amshike hatamu kidogo tu kabla ya handaki, ampe ile hatua iliyopungua. Neno moja.

Mtabiri alifanya nini? Alikwenda kunywa chai.

Msimharakishie lawama, maana alikuwa na sababu, na sababu yake ilikuwa nzuri. Kazi yao ilikuwa na mwiko: mtu wa kutaja farasi hazungumzi na mpandaji habari za farasi wake. Akionekana naye, watu watasema wamepanga matokeo, na jina lake limekwisha. Mwiko wa heshima kabisa. Basi akaushika. Mkahawani walipomwuliza nani ataanguka, akakoroga chai yake, akawaacha wangoje kidogo, maana alipenda wangoje.

“Shaba,” akasema. “Kwenye handaki la maji.”

“Una hakika, mzee?”

“Nimeona kwa macho yangu. Mguu wa nyuma.”

Kabla ya adhuhuri kinyozi alikuwa nayo. Mama wa maandazi alikuwa nayo. Madukani na kisimani hapakuwa na neno jingine, na kwenye vibanda vya kamari watu walipanga foleni kuweka dau juu ya kuanguka kwa yule kijana. Siri ya mji mzima huingia kila nyumba isipokuwa moja, na nyumba hiyo mnaijua ni ya nani.

Jioni ya kuamkia mbio kijana akabisha hodi kwa jirani yake. Alikuwa ametoka kuoga, anatabasamu, hana habari.

“Kaka, shikamoo.”

“Marahaba. Karibu ndani.”

“Sikai, narudi kulala mapema. Nimekuja kukuuliza tu. Wewe umewaona farasi wote wiki nzima. Wangu umemwonaje?”

Sasa sikilizeni. Yule kijana hakungoja kuambiwa. Alikuja mwenyewe, kwa miguu yake, akauliza kwa mdomo wake. Mtabiri akamtazama, na neno likamjia mpaka ulimini. Alimpenda yule kijana, hilo sina shaka nalo. Lakini akaukumbuka mwiko. Halafu, tuseme kweli yote, akakumbuka pia kwamba mji mzima umeshaambiwa Shaba ataanguka. Shaba akifika salama, mkahawani ataingia na uso gani?

“Farasi mzuri,” akasema. “Mungu akujaalie.”

“Basi niombee dua, kaka.”

“Nitakuombea.”

Na kweli alimwombea. Alikaa kwenye mswala wake kwa muda mrefu, akainua mikono, akamsihi Mola amlinde jirani yake na lile handaki. Jamani! Mola amemjaalia macho ya kuona, amempa ulimi wa kusema, amemletea mwenye shida mpaka mlangoni, na yeye anainua mikono kumwomba Mola amfanyie ile kazi.

Kesho yake uwanja ulifurika. Farasi wakaachiwa. Ua wa matawi, Shaba akaruka, gogo, akaruka. Walipokaribia handaki la maji watu hawakumtazama tena aliyekuwa mbele. Macho yote yalikuwa kwa yule mwekundu. Mtabiri akataka kufumba macho, hakuweza. Farasi akaruka mapema, mguu wa nyuma ukapiga ukingo, na ukingo ule wa matope ukamshika. Akapinduka, na mpandaji wake akawa chini yake.

Uwanja mzima ukalipuka kwa shangwe.

Watu walirukaruka, wakakumbatiana, wakatupa kofia juu. Walimfuata mtabiri pale alipokuwa, wakamwinua mabegani, wakamzungusha wakiimba jina lake. Na akiwa kule juu, juu ya vichwa vya watu, aliona machela inapita upande wa pili na watu wanne wameibeba. Akawapigia kelele wamteremshe. Hawakumsikia kwa kelele zao wenyewe.

Majuto ni mjukuu, tunasema, huja baadaye. Ya mtu huyu hayakukawia. Kwa siku kadhaa hakula akashiba. Hatimaye akanunua machungwa, akaenda hospitali. Farasi alikuwa amekufa pale pale handakini. Kijana alikuwa hai, ila madaktari walisema hatasimama tena kwa miguu yake. Mkewe alikuwa kando ya kitanda. Alimwona mgeni, akatoka nje bila kuitikia salamu, na mtabiri akajua kwamba yeye ameshasikia.

Kijana alikuwa bado hajasikia.

“Kaka, afadhali umekuja,” akasema. “Kuna jambo linanisumbua, na hapa hakuna wa kunieleza. Nilipokuwa chini, kabla sijazimia, nilisikia watu wanashangilia. Nikasema moyoni, Radi amefika. Nikamfurahia yule anayempanda, maana ni rafiki yangu. Jana amekuja kuniangalia, kaniambia nilipoanguka walikuwa bado na mzunguko mzima. Hakuna aliyekuwa amefika.” Akamgeuzia macho jirani yake. “Sasa walikuwa wanashangilia nini?”

Ndugu zangu, mngemjibu nini?

Mtabiri aliweka machungwa chini. Akamwambia yote: mvua, uzio, ukingo, mkahawa. Hakujitetea.

“Uliona baada ya ile mvua,” kijana akasema.

“Baada ya ile mvua.”

“Mimi nilikuja kwako mvua imekwisha kunyesha.” Sauti yake haikupanda. “Kaka, mimi nakaa mbele. Mguu wa nyuma siuoni.”

Akageukia ukutani. Mtabiri akainuka, akaondoka. Toka siku ile hakuonekana tena uzioni, na alipokutana na watu njiani wakamwuliza habari za farasi, alilia mbele yao, mtu mzima na ndevu zake.

Sasa tumwache yeye, tuje kwetu sisi. Maana naona mmemsikitikia kijana, na wengine mmemkasirikia mtabiri, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza yeye alikuwa wapi siku ile uwanjani.

Katika mtaa huu tunajua. Usiniambie hatujui. Tunajua binti wa nani ameposwa na mwanamume mwenye mkono mwepesi wa kupiga. Tumehesabu na wake aliowaacha, tumehesabia kwenye posa hiyo hiyo tukila pilau yake. Tunajua duka la nani linakufa kwa sababu ya mwana anayeaminiwa na baba yake. Tunajua nani ameanza kunywa, na anakonunua. Yote haya tunayasema. Tunayasema kibarazani, tunayasema saluni, na nyinyi kina mama nyuma ya pazia msicheke, simu zenu nazijua. Ufa tumeuona, tunamwonyesha kila mpita njia, na mwenye nyumba yumo ndani amelala.

Tukiulizwa kwa nini hatukumwambia, sababu tunazo, tena za heshima. “Si mambo yangu.” “Atasema namwonea wivu.” “Nilichelea kumvunja moyo.” Tumvunje moyo? Kijana yule kilichovunjika si moyo.

Na siku mtu wetu anapoanguka, neno la kwanza kinywani mwetu ni lipi? Hatusemi pole. Tunasema, “Mimi nilijua.” Tunalisema kwa utamu, kichwa kimeinama upande. Hiyo ndiyo shangwe yetu, ndugu zangu. Hatutupi kofia juu kwa kuwa sisi ni watu wa adabu. Lakini aliyelala chini anaisikia, na hajui tunashangilia nini.

Hakuna mtu anayeuona mguu wake wa nyuma. Mimi siuoni wangu, wewe huuoni wako. Ndiyo maana Mola hakumweka mtu peke yake duniani, akatuzungushia majirani. Macho ya jirani yangu ni amana yangu kwake. Akiyatumia kuniona halafu akapeleka habari yangu mkahawani, amana yangu ameila.

Basi leo sitaki mtu aje kunipa mkono na kusema maalim, umetugusa. Sitaki kuguswa kwenu. Kila mmoja wetu ana mtu aliyemtaja wiki hii, jina lake na kosa lake, na mwenyewe hana habari. Jina hilo limeshakujia, naona kwenye nyuso zenu. Nenda kwake kabla ya kula chakula cha jioni. Nenda peke yako, ongea kwa sauti ya chini, na mlango ufungwe. Akikukasirikia, vumilia. Bora akukasirikie akiwa amesimama.

Na ikiwa jina lililokujia ni langu mimi, nitakuwa nimekaa pale mlangoni, karibu na viatu, mpaka mtu wa mwisho atoke. Usinipite.