Mkeka wa Fundi Saa

Wahenga walisema mficha uchi hazai, nao hawakuwa wakizungumzia nguo. Walimaanisha kwamba anayeona haya kueleza shida yake hukikosa kile anachokitamani.

Fundi Saa alikuwa mtu wa vipimo. Kila siku saa mbili kamili asubuhi, alipofungua kibanda chake, alimeza kidonge cha kufubaza virusi vya UKIMWI, na kwa miaka minne hakukosa hata kimoja. Muuguzi alikwisha kumweleza kwamba virusi havionekani tena katika vipimo vya damu yake, na kwamba hawezi kumwambukiza mwenzi wake kitandani. Masikio yalisikia, moyo ukakataa. Alioa bila kusema neno, na tangu siku ya harusi akalala chini, mkekani. Wiki ya kwanza alisingizia mgongo, ya pili joto, ya tatu visingizio vikamwishia.

Mkewe, fundi cherehani asiyejua kumung'unya maneno, alivumilia siku arobaini. Kisha akafunga sanduku, akamwita shangazi yake aje amchukue. Asubuhi hiyo, shangazi akiwa njiani, mke alimkabili mumewe.

"Kama una mwingine, niambie nijue moja."

Fundi Saa aliukunja mkeka wake, akauweka kando.

"Nina virusi," alisema. "Natumia dawa. Nililala chini nisije nikakuua."

Mkewe aliketi juu ya sanduku. Alikasirika, na haki alikuwa nayo: jambo hilo alistahili kulijua kabla hajavaa shela. Hodi ikabishwa. Akaenda kufungua, na Fundi Saa akajua yamekwisha.

"Shangazi, leo siendi," alisema. "Tunakwenda zahanati."

Huko muuguzi alisoma majibu na kurudia maneno yale yale, akisisitiza kwamba kinga hiyo hudumu maadamu dawa zinamezwa kila siku na damu inapimwa inavyopangwa. Mke akapimwa pia. Hakuwa na virusi.

"Na mtoto?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Zaeni tu, mwanangu."

Akamgeukia mumewe. "Kumbe umeukumbatia mkeka bure." Fundi Saa alicheka huku machozi yakimtoka.

Mwaka uliofuata walipata binti, mzima kama mama yake. Asingezaliwa kamwe kama baba yake angenyamaza asubuhi ile. Hakika, mficha uchi hazai.