Ua la Kwenye Jabali

Wapendwa, kaeni vizuri, maana habari ya leo haina kicheko. Palikuwa na bwana mmoja, msomi wa mimea. Sisi tukipita porini tunaona majani tu. Yeye aliona koo na koo, huyu ndugu wa yule. Ujana wake wote uliishia milimani. Ruba walimnyonya, homa ikamlaza pangoni, akaamka, akapanda tena. Hapo msimcheke. Mtu huyo aliipenda kazi yake kuliko wengi wetu tunavyoipenda sala.

Lakini alikuwa na donda moyoni: hakuwahi kuwa wa kwanza. Watu wa elimu hiyo wana desturi yao. Haitoshi kusema umeuona mmea mpya. Uulete wenyewe, mzizi, shina, jani na ua, umebanwa katikati ya magazeti mpaka umekauka. Anayetangulia kuuleta, wenzake huupa mmea jina lake, na jina hilo halifutiki. Bwana wetu alileta mizigo kwa mizigo, na kila mara akaambiwa, "Pole, mwenzio alishakutangulia." Mvi zikamwingia. Akaogopa kufa na kusahauliwa. Nani kati yetu haogopi?

Siku moja yeye na mkewe, aliyezoea kupanda naye, walifika kwenye jabali lenye unyevu karibu na kilele. Katika ufa wa jabali lile paliota mmea mdogo wenye ua la zambarau iliyokolea, karibu kuwa jeusi. Bwana akapiga magoti. Akageuza jani, akanusa. Huu hakuna aliyewahi kuuleta! Wakatafuta mwingine juu na chini hadi jua likageuka. Hawakuuona.

Mkewe akasema, "Baba Nakijwa, uko peke yake. Tuuache utoe mbegu. Tutarudi mvua zikikatika."

"Tukirudi tutakuta mwenzangu ameshaubeba. Yuko hapo kijijini, anatafuta watu wa kumpandisha."

"Si aubebe, mradi mbegu zimeshaanguka? Mlima utabaki nao."

"Utabaki nao kwa jina la nani?"

 Mama yule aligeuka akaanza kufunga mizigo. Mnafikiri bwana hakujua anachokifanya? Alijua sana! Kujua ndiyo iliyokuwa kazi yake. Akatoa kisu, akauzunguka mzizi taratibu, kwa mapenzi kabisa, usikatike hata kidogo. Ukatoka mzima. Akaubana magazetini, akashuka mlima akiimba, na mkewe nyuma yake amebeba mizigo.

Jina akalipata. Wenzake walimpongeza, na kwa muda alikuwa na furaha. Kisha usingizi ukamkimbia. Kila mvua zilipokatika alirudi kwenye jabali lile, akapapasa kila ufa, mpaka magoti yakakataa. Mkewe hakumlaumu hata mara moja, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Mama akafariki. Bwana akabaki na jina lake.

Uzeeni walimfanyia sherehe kubwa. Akakalishwa mbele, akavikwa shada. Mwalimu mmoja wa kike akainuka akasema, "Shikamoo, mzee wetu. Tumeuona ule mmea wako uliokauka, kabatini. Tunaomba utuelekeze ulipo ulio hai, tuwapeleke wanafunzi."

"Marahaba, mwanangu. Ulio hai haupo. Wa kwanza kuuona nilikuwa mimi, na wa mwisho nilikuwa mimi."

Watu wakapiga makofi, wapendwa. Walidhani anajisifu.

Mnamshangaa? Mimi simshangai, maana namwona humu ndani. Ni yule mzazi asemaye, bora binti asisome kabisa kuliko asomeshwe na shangazi yake, halafu sifa ziende huko. Ni wale ndugu ambao shamba la baba yao limekuwa kichaka, kwa kuwa kila mmoja anaona heri life kuliko listawi mkononi mwa mwenzake. Sisi kitu kisipokuwa chetu, tunaona afadhali kisiwepo. Na hatukiui kwa hasira. Tunakiua kwa upole, tukisema tunakitunza.

Wala msidhani nasema ya mbali. Kwaya ya vijana ya usharika huu haijaimba tangu Pasaka. Kinanda kipo, spika zipo, vimefungiwa stoo, kwa sababu aliyehangaika kuvichangishia fedha hakuchaguliwa tena kuwa mwenyekiti. Ni kweli alihangaika. Nilimwona, na namshukuru. Lakini vijana wameanza kuhamia kwingine, na wengine hawaendi popote siku hizi. Inaniuma. Mwenye ufunguo anajijua, simtaji jina. Sitaendelea na ibada, wala sitatoa baraka, mpaka mtu huyo ainuke akafungue mlango wa stoo. Ndugu yangu, tunakungoja.